Nyota Niliyoinyoosha Narung'ombe

Nyinyi vijana mnaofungua simu pale Kariakoo kwa bisibisi nyembamba kama sindano, nimewaona mkicheka ninapopita na redio yangu kwapani. Chekeni tu. Mimi nami nilimcheka sana Mzee Feruzi, aliyenifundisha ufundi wa redio kule Ilala, kwa sababu alikuwa ananusa redio kabla ya kuifungua. Anaisogeza puani, anafumba macho, halafu anasema, "Hii imeungua kapasita," au, "Hii ina mende." Nilidhani ni mazingaombwe ya kumtisha mteja. Baadaye nikajua kila kinachoungua kina harufu yake, na mende naye ana harufu yake. Siku moja, mzee hayupo, nikajifanya nami najua kunusa. Nikapeleka pua kwenye redio ambayo sikuichomoa kwenye umeme. Umeme ulinirusha kwenye nguzo ya baraza. Hii pua mnayoiona imekaa upande, wengine hudhani nilizaliwa nayo.

Kwa hiyo ufundi wa kwanza ninaowapa ni huo: chomoa kwanza, nusa baadaye. Wa pili, skrubu zipange mezani kama ulivyozitoa, usizirundike kwenye kopo. Mimi nilikuwa nazirundika, na kila redio niliyoifunga ilibakiza skrubu moja au mbili. Mteja akiuliza nasema, "Hizi za ziada, kiwandani waliweka nyingi." Mzee Feruzi akanisikia. Akaniuliza, "Na daktari akimaliza kukushona akabakiwa na figo, atasema Mungu aliweka nyingi?"

Shule yangu iliishia darasa la nne, huko kwetu Lindi, basi msitegemee maandishi yaliyonyooka. Naandika kama ninavyoongea, na ninavyoongea ndiyo hivi, nakwenda Buguruni kupitia Bagamoyo.

Nilichotaka kuwaambia ni habari ya nyota. Ndiyo, nyota. Mimi fundi wa Mtaa wa Narung'ombe, niliyekuwa nimekaa barazani na meza ya mbao na solda moja, nimewahi kuitengeneza nyota mpaka ikaharibika.

Ilikuwa miaka ile milango ilipofunguliwa. Kabla ya hapo redio ilikuwa mtu wa nyumbani. Ilikuwa inafunikwa kitambaa cha kufuma, inawekwa juu ya kabati, na ikiugua inaletwa kwangu imebebwa na watu wawili, baba na mtoto wake mkubwa. Kisha biashara ikaruhusiwa, makontena yakaanza kushuka, redio za Dubai zikatandazwa chini kwenye turubai kama nyanya. Nakumbuka ya kwanza niliyoifungua. Nilitafuta transista, sikuiona. Ndani kulikuwa na tone moja jeusi kama lami, basi. Nikamwambia mteja, "Ndugu yangu, redio yako haina utumbo." Akasema, "Lakini jana iliimba." Nikaifunga nikamrudishia.

Kilichoniweka mjini katika miaka ile kilikuwa jambo moja: kutuliza. Nyinyi hamjui shida ya wimbi fupi. Stesheni za mbali zilikuwa sauti inakuja, inaondoka, inakuja, inaondoka. Unasikiliza mpira, mshambuliaji kaingia ndani ya kumi na nane, sauti inakwenda zake. Inaporudi watu wanashangilia na hujui nani kafunga. Mimi nilikuwa na dawa. Kuna sehemu ndani ya redio inayosawazisha sauti, ikiwa ndogo inaikuza, ikiwa kubwa inaibana. Nilikuwa naiongezea nguvu kwa kapasita kubwa na vijidude viwili vitatu, na redio inatulia kama maji ya mtungini. Watu walitoka Temeke na Magomeni. "Fundi, nitulizie." Jirani yangu pale barazani, Bi Mwanjaa fundi cherehani, alikuwa akiwaambia wateja, "Mpeni na waume zenu awatulize." Nikavimba kichwa. Na fundi aliyevimba kichwa, vijana, ni hatari kuliko waya ulio wazi.

Vipuri nilikuwa nanunua kwa Bwana Jayanti, mtaa wa pili. Duka lake lilikuwa jembamba kama mfuko wa shati, lakini ukimtajia kipuri anakiendea moja kwa moja bila kuwasha taa. Mkewe alikwishafariki. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti anayeitwa Hansa, aliyekuwa ng'ambo akisomea nyota. Bwana Jayanti alikuwa akilisema hilo kwa fahari mbele za watu. Tukibaki wawili alikuwa akilisema kwa namna nyingine. "Fundi, hili duka baba yangu kaniachia. Mimi nitamwachia nani? Nyota?"

Mwaka mmoja mzee akafanyiwa upasuaji wa tumbo, na Hansa akarudi kumuuguza. Walikuwa wakikaa Upanga, kwenye ghorofa moja karibu na hospitali kubwa. Likizo yake ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka mwalimu wake wa ng'ambo akampa neno la mwisho: arudi na kipimo cha nyota yake mkononi, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Ndege yake ilikuwa Jumatatu. Na yeye akamwahidi baba yake kwamba kipimo kisipopatikana, haondoki. Atavaa miwani, atakaa kaunta, na habari za nyota zimeisha.

Haya yote aliniambia Bwana Jayanti mwenyewe, siku aliponiletea kazi. Alikuja na Hansa kwenye teksi, yeye akitembea ameshika tumbo, na Hansa amekumbatia mashine ndefu kama sanduku la cherehani.

"Shikamoo, kaka fundi," Hansa akasema.

"Marahaba, dada. Huyu mgonjwa anaumwa nini?"

Ilikuwa mashine ya kuchora. Karatasi inajivuta polepole kutoka kwenye roli, na kalamu inacheza juu yake kufuata sauti ya kanda. Kanda zenyewe zilirekodiwa kwenye darubini kubwa ya huko ng'ambo, darubini ya redio, ya kusikia. Ile nyota ilikuwa ikipiga kama moyo, lakini kwenye kanda ilikuwa imeharakishwa, kwa hiyo unasikia mvumo tu kama nyuki ndani ya debe. Mkanda wa mpira wa mota ulikatika safarini. Kazi ya mkanda wa mpira, vijana, hata kipofu anaifanya. Hansa akasema atapita kesho yake, Ijumaa, akaelekea kwenye teksi. Baba yake akabaki nyuma kidogo.

"Fundi," akaninong'oneza, "usijitese sana na hii kazi. Pole pole."

Nikamwambia, "Bwana Jayanti, mimi kazi yangu unaijua." Naye akanitazama kwa huzuni, maana kweli alikuwa anaijua.

Mkanda niliupata kwenye deki mbovu ya kaseti. Nikafunga, nikaweka kanda ya Hansa, nikawasha. Kalamu ikaanza kuruka. Inapanda, inashuka, inapanda, inatetemeka kama mtu wa homa. Nikatega sikio: mvumo unakuja, unaondoka, unakuja, unaondoka.

Nikacheka peke yangu. Nikamwambia Bi Mwanjaa, "Watu wamesoma mpaka ng'ambo, hawajui kutuliza."

Mnajua nilichofanya. Nilifungua mashine, nikatia dawa yangu yote, ile ya kutulizia matangazo ya mpira, nikaongeza kapasita ya juu yake kwa sababu mteja ni mtu wa heshima. Halafu nikaona kuna kalamu ya pili, ndogo, inagonga vialama pembeni mwa karatasi, tik, tik, inanichanganya macho. Nikadhani ni ya akiba. Nikaichomoa nikaichomeka kwenye mfuko wa shati. Nikawasha tena. Mstari ukatoka umenyooka kama rula. Uzuri wake ulinipendeza kiasi kwamba sikuzima. Wanywaji kahawa wa pale barazani wakaja kutazama, nikawaacha watazame, roli likaisha lote, karatasi imelala chini barazani mpaka kwenye mfereji, na katikati yake mstari mmoja, hauna hata kikohozi.

Hansa alipofika Ijumaa nilisimama kama bwana harusi. "Dada, mstari umenyooka kama kamba ya kuanikia. Vuta uone."

Akaishika ile karatasi. Akaifuata kwa vidole, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mfereji, akarudi nayo. Hakupaza sauti.

"Kaka fundi, nyota yangu iko wapi?"

"Si hiyo? Ilikuwa inatetemeka, nimeituliza."

"Baba amekuambia ufanye hivi?"

Hapo ndipo nilipojua nimefanya jambo. Nikaapa. "Wallahi dada, ujinga huu ni wangu mwenyewe, sijatumwa na mtu."

Bi Mwanjaa, ambaye hakuulizwa, akasema bila kuinua uso kwenye cherehani, "Msadiki huyo. Kumtuma ni bure, anajituma. Kamtibu mgonjwa mpaka kafa."

Hansa akakaa kwenye kile kibenchi cha wateja. Nilidhani atalia, na mimi mwanamke akilia mbele yangu huwa natafuta kitu cha kufungua. Hakulia. Alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye mashati ya mitumba yaliyotundikwa kwenye kamba.

"Unamwona muuza kahawa anayepita nyuma ya yale mashati?"

"Simwoni yeye. Naona dele lake la kahawa, la shaba, linamemeta."

"Linamemeta muda wote?"

"Hapana, shati linaziba, likipita pengo linameta, linaziba tena."

"Akikaza mwendo?"

"Litameta haraka haraka. Kama sasa hivi. Mgambo wa jiji watakuwa wako nyuma yake."

"Umejuaje kwamba amekaza mwendo, na miguu yake huioni?"

Nikalifuata lile dele kwa macho. Akaendelea, taratibu, kama anayemlisha mtoto. Huko juu, akasema, kati yetu na nyota kuna hewa nyembamba sana, imekaa mabonge mabonge kama moshi wa jiko la mkaa. Ndiyo mashati yetu hayo. Nyota haitetemeki. Inapita nyuma ya moshi, na sisi tunaona inameta. Ikipita haraka inameta haraka, ikipita polepole inameta polepole. Na nyota yake haiko peke yake, ina mwenzake, inamzunguka, huku wote wawili wanasafiri upande mmoja. Basi nusu ya mzunguko inakwenda na safari, inakuwa na kasi. Nusu nyingine inarudi kinyume na safari, inachelewa. Kuna wenzake wanaojua kupima nyota ikija kwetu na ikienda mbali. Yeye anaipima ikipita ubavuni, kwa ule mtetemo tu.

"Sasa wewe, kaka, umelifanya dele limete wakati wote. Nitajuaje anatembea au amekaa anauza?"

Nikatazama mashine. Nikatazama kapasita zangu. Miaka yote nilifundishwa kwamba mtetemo ni ugonjwa wa redio, na nimekula kwa kuuua. Kumbe kuna mtu amekuja kutoka ng'ambo kuufuata huo huo.

"Naitoa dawa sasa hivi," nikasema.

"Toa. Lakini karatasi ilikuwa ile moja tu."

Niliitoa dawa yote. Kalamu ndogo nikairudisha kutoka mfukoni, imeshachora shati langu lote. Kumbe ile ndiyo ilikuwa saa: kanda ilibeba alama za muda, na kalamu ndogo inazigonga pembeni ili ujue dakika ngapi zimepita. Mimi niliiweka mfukoni saa ya mtu.

Karatasi tuliitafuta Jumamosi nzima. Tulikwenda hospitali kuulizia karatasi za mashine ya moyo, hazikuenea. Tulikwenda kwa wachapaji, wana za mraba. Jioni tukaishia dukani kwa Bwana Jayanti, tumechoka, na mimi nimeegemea roli la kaki, lile la kufungia bidhaa za wateja. Hansa akaliona. Mimi nikaliona. Bwana Jayanti akatuona tunaliona.

Hilo roli lilikuwa lake. Angesema, "Sina jingine, Jumatatu nitafungia nini?" na mambo yangeishia pale. Alilipapasa kama mtu anayepima kitambaa.

"Ni pana," akasema.

"Litakatwa kwa msumeno, baba."

Akapima upana wake kwa shubiri. Kisha akasema, "Lipeleke mtaa wa Gerezani, fundi. Mwambie seremala akate taratibu, karatasi ikichanika pembeni itakwama." Na kweli alijua, kaki amefungia maisha yake yote.

Jumapili mchana, duka limefungwa, tukaweka mashine juu ya kaunta. Kalamu ya wino, kaki imekatwa. Tukawasha, na umeme wa mji ule wa enzi za mgao ukafanya yake: unapanda, unashuka, mota inakimbia, mota inasinzia, vialama vya saa vinatoka vimebanana huku na kuachana kule kama meno ya babu. Mimi, hamtaamini, nikanyoosha mkono kwenye kapasita. Hansa akanishika kiganja.

"Tuliza mota, kaka. Nyota iache."

Andikeni hilo mezani kwenu. Kila kazi ina kitu cha kutulizwa na kitu cha kuachwa kitetemeke, na fundi mbovu ni yule anayevichanganya. Mimi nimekuwa fundi mbovu kwa muda mrefu kuliko mlivyoishi.

Nikaenda kwa mafundi magari, nikarudi na betri ya lori begani, nikaitoa mota kwenye umeme wa ukutani nikaifunga kwenye betri. Vialama vikatoka sawasawa, tik, tik, kama askari gwaride. Hansa akaweka kanda.

Kalamu ikaanza kucheza. Vilima vidogo, vimesongamana, vinapanda vinashuka, vinapanda vinashuka. Hansa amesimama, mkono mdomoni. Bwana Jayanti amekaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, mto umewekwa tumboni, ameishika kaki inayotoka ili isianguke. Kaki ikatambaa, vilima vile vile. Hansa alikuwa akitazama tu, na mimi nikaanza kuona wasiwasi, kwa sababu hakuna kilichobadilika. Nyota inayozunguka ilitakiwa ipunguze mwendo. Hii ilikuwa inakwenda vile vile tu.

Kisha vilima vikaanza kulegea. Kimoja kikawa kipana. Kilichofuata kikawa kipana zaidi. Kalamu ikawa inapanda kivivu, inakaa juu, inashuka kivivu, kama mtu anayepanda ngazi za Upanga na mzigo. Nikajua betri inakufa. Nikarukia waya.

"Kaka fundi. Kaa chini."

"Betri, dada, inakata..."

"Kaa chini. Kalia mikono yako."

Nikakaa kwenye kasha la vipuri, nikaikalia mikono yangu yote miwili, mtu mzima, mwenye watoto.

Bwana Jayanti akauliza polepole, "Fundi, mashine imeharibika?"

Mimi ni mtu wa sauti, vijana, nimeishi kwa kusikiliza. Katika swali lile kulikuwa na kitu kinachopanda. Mzee alikuwa anaomba niseme ndiyo. Nami nilidhani ndiyo. Nikamtazama Hansa. Alimsogelea baba yake, akamshika kidole, akakiweka pembeni mwa kaki, kwenye vile vialama vidogo vya saa.

"Hesabu, baba."

Mzee akatembeza kidole. Tik, tik, tik. Viko sawasawa, kimoja hakimzidi mwenzake. Mota haikuchoka. Kanda haikuchoka. Katikati vilima vimelegea, pembeni saa inakwenda vile vile. Alirudia mara ya pili, kama anavyorudia kuhesabu vipuri vya mteja asiyemjua. Kidole kikasimama.

"Kwa hiyo ni yenyewe," akasema. "Ndiyo imechelewa."

"Inarudi kinyume, baba. Subiri."

Tukasubiri, na vilima vikaanza kubanana tena, kidogo kidogo, mpaka kalamu ikawa inaruka kama mwanzo. Mzunguko mzima. Hansa akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kaunta, na ndipo alipolia.

Bwana Jayanti hakumtazama. Alisubiri kanda iishe, akazima mashine mwenyewe. Akachukua rula ya duka, akaiweka juu ya kaki, akaichana kwa mvuto mmoja kama anavyomchania mteja. Akaiviringisha, akaipiga piga ncha zikae sawa, akavuta uzi wa katani kutoka kwenye kile kibuyu kinachoning'inia darini, akaukata kwa mkasi, akafunga mafundo mawili na kitanzi cha kubebea. Akamkabidhi binti yake.

"Kesho uishike mkononi," akasema. "Usiiweke kwenye mizigo ya chini, wataibonyeza."

Nilitaka kuinuka nimpokee mzee mkasi, maana alikuwa ameushika akitafuta pa kuuweka. Lakini nilikuwa bado nimekalia mikono, na hakuna aliyeniambia niitoe.